Mgonjwa Aliyepigiwa Makofi Mapema

Jua limeshapanda na foleni ya malori haijasogea. Kutoka geti la mpaka wa Tunduma mpaka unapoikaribia Mpemba magari yamejipanga, madereva wamevua viatu, wengine wananyoa ndevu kwenye vioo vya pembeni. Katikati yao anapita mwanamke mwenye vitenge sita begani. Hana haraka. Anasalimia kila mlango.

"Mulishani," anawaambia Wazambia.

"Bwino," wanamjibu, na mmoja anauliza bei. Anamtajia. Mzambia anacheka, anasema kwao Nakonde kitenge hicho hicho ni nusu ya hapo. Mwanamke naye anacheka, maana ni kweli. Alikinunua huko huko.

Kwenye lori la bluu anasimama. Dereva, mtu wa makamo aitwaye Ayoub, anashusha kioo.

"Kitenge chako kiko tayari, baba Stamili," mwanamke anamwambia. "Kipitie Ijumaa asubuhi kabla hujavuka. Na uje hujanywa chai."

Ayoub anaitikia kwa kichwa na kupandisha kioo. Madereva wawili wanaocheza drafti chini ya tela wamesikia kila neno, na hakuna aliyejiuliza kitenge na chai vinahusiana vipi. Ukweli ni kwamba Ayoub hajaagiza kitenge chochote. Amekumbushwa siku yake ya kutolewa damu.

Mwanamke huyo ni Gwantwa Kibona, umri wake miaka thelathini na minane, mzaliwa wa milima ya Ileje. Ni mfuatiliaji wa washiriki katika kituo kidogo kinachofanya utafiti wa dawa mpya za homa ya ini aina ya C. Kwa lugha nyepesi, kazi yake ni kuwatafuta wagonjwa wasiotaka kutafutwa.

"Nikienda mikono mitupu watu watauliza, yule mama wa hospitali anamfuata nani? Na hapa Tunduma ukionekana unafuatwa na hospitali, ugonjwa wako unapewa jina kabla hujapimwa," anasema. "Nikiwa na vitenge, mimi ni muuza vitenge."

Na si uongo mtupu. Kabla ya kazi hii alivusha vitenge kutoka Nakonde tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati kila mwenye miguu miwili mpakani alipogeuka mfanyabiashara. Mpaka leo akipata mteja njiani anauza. Kituo kinamlipa shilingi laki mbili na themanini kwa mwezi, na anakiri kwamba mwezi mzuri vitenge vilimpa zaidi ya hapo.

Kilichomtoa kwenye biashara na kumwingiza kwenye kufukuzana na wagonjwa ni kaka yake, Jairo.

Majina ya wagonjwa katika makala haya yamebadilishwa, isipokuwa mawili. La Jairo limebaki kwa ridhaa yake. La pili ni la mfugaji mmoja aliyeulizwa kama abadilishiwe jina naye akauliza, kwa hasira kidogo, kwani amefanya nini kibaya. Huyo tutafika kwake.

Homa ya ini aina ya C hupita kwa damu. Mtu anaweza kuishi nayo miaka ishirini, akalima, akaoa, akazika wazazi, bila kuumwa popote. Kisha ini linaanza kukakamaa na kugeuka kovu. Dawa za zamani zilikuwa sindano za kila wiki kwa karibu mwaka mzima, na wachache waliozipata wanasema zilimlaza mtu kuliko ugonjwa wenyewe. Dawa inayojaribiwa hapa ni kidonge kimoja kwa siku, wiki kumi na mbili, basi.

Jairo ana miaka arobaini na miwili. Aliwahi kuwa utingo wa malori ya Lusaka, kisha dereva, na sasa anakaa Mpemba akiwa hana nguvu za kazi ndefu. Miguu humvimba jioni. Macho yake yana umanjano wa chai hafifu.

Gwantwa anaamini anajua ugonjwa ulipoingilia, ingawa hakuna wa kulithibitisha hilo. Kuna mwaka walipougua homa wote wawili, wakiwa watoto, huko Ileje. Mama yao akawapeleka kwa mchoma sindano aliyekuwa akipita vijijini na begi lake, mtu wa sufuria moja na sindano moja. Jairo, kwa kuwa ndiye mkubwa, alitangulia ili mdogo wake aone haiumi.

"Nikaona inauma," anasema Gwantwa. "Nikakimbilia kwenye mibuni. Mama akachoka kunitafuta, akamwambia yule mtu basi, huyu atapona mwenyewe."

Alipona mwenyewe. Alipopimwa miaka mitatu iliyopita hakukutwa na kitu. Jairo alikutwa nacho. Gwantwa anasema siku hiyo alilia njia nzima kutoka kituoni hadi Mpemba, na aliyekuwa akimbembeleza ni mgonjwa.

Utafiti ulipoanza mwaka jana, Jairo hakupokelewa. Awamu ya kwanza ilikuwa ya watu ambao ini lao bado halijapata kovu. Watu sitini walichaguliwa, wafugaji wa bonde la Momba, wachimbaji wadogo wa Galula, madereva, mama lishe. Wenye makovu kama Jairo waliambiwa wasubiri awamu ya pili, kama itakuja.

Na hilo "kama" ndilo lililomfanya Gwantwa aombe kazi.

Wafadhili walikuwa na vituo kadhaa nchi mbalimbali, na awamu ya pili ingepelekwa kwa vile tu vilivyoweza kuwatunza watu wao hadi mwisho. Sharti lilikuwa angalau watu tisa katika kila kumi watoe damu ya mwisho. Damu hiyo huchukuliwa wiki kumi na mbili baada ya kumaliza vidonge, na ndiyo inayosema kama virusi vimekufa au vilijificha tu.

Mkuu wa kituo, Dk. Conjesta, analieleza jambo hili bila kupamba. "Mgonjwa asiyerudi kutoa damu ya mwisho tunamhesabu kuwa hajapona, hata kama huko aliko anacheza ngoma. Hatuna ruhusa ya kudhania."

Kwa hesabu hiyo Tunduma ilihitaji watu hamsini na wanne. Mwezi Julai mwaka huu, walikuwa hamsini na watatu. Dereva mmoja alikufa ajalini upande wa Zambia. Wawili walihama bila kuacha hata jina la kijiji. Wachimbaji wawili walisema wazi hawataki tena kuchomwa, na hiyo ni haki yao. Wawili waliobaki hawakuonekana kabisa. Kati yao mmoja tu ndiye aliyekuwa anajulikana aliko, naye simu yake ilikuwa haipatikani.

Huyo alikuwa Kashinje, mfugaji wa Kisukuma anayeishi bondeni, ng'ambo ya Kamsamba. Muda wake wa kutoa damu ulikuwa unafungwa Jumamosi. Kukosekana kwake kungeifungia Tunduma mlango, na Jairo angebaki nje.

Ajabu ni kwamba Kashinje ndiye aliyekuwa mshiriki wa mfano. Hakukosa kidonge hata kimoja. Alikuwa anafika kituoni kabla ya wauguzi, ameketi kwenye tofali na fimbo yake. Miaka mingi nyuma fahali alimchoma pembe ya paja, akaongezewa damu, na alipopimwa na kuambiwa kilichomo mwilini alisema fahali yule alimdai mara mbili. Siku ya kidonge cha mwisho wauguzi walimpa soda, wakasimama mstari, wakampigia makofi. Ndivyo walivyomfanyia kila aliyemaliza. Kashinje alikunywa soda, akainuka, akaondoka bila kuaga wala kugeuka nyuma.

"Tulisema labda ana haraka ya gari," anasema Gwantwa.

Jumanne ya wiki hiyo ya mwisho, Gwantwa na mtaalamu wa maabara, Fanuel, walipanda pikipiki wakateremka bondeni. Fanuel aliendesha, Gwantwa akapakata kisanduku cha baridi. Ni safari ya vumbi inayomwacha mtu na rangi isiyo yake. Fanuel anasema njia nzima Gwantwa hakuongea, jambo ambalo hajawahi kuliona kabla wala baada ya siku hiyo.

Nyumbani kwa Kashinje walimkuta mdogo wake, Masunga, ambaye ndiye aliyeandikishwa kuwa mtu wa kuulizwa endapo kaka yake atakosekana. Masunga aliwakaribisha, akaagiza maziwa, akauliza habari za mvua, za uchaguzi na za bei ya mahindi mpakani. Kuhusu kaka yake alisema yuko na ng'ombe. Ng'ombe wako wapi? Wako malishoni. Malisho yapi? Akaonyesha kwa kidevu upande wa ziwa, yaani upande wenye nafasi ya kutosha kuficha mifugo ya nchi nzima.

Kisha Masunga akawapa suluhisho. Alikunja mkono wa shati, akauweka mkono wake juu ya goti la Fanuel.

"Chukueni yangu," alisema. "Baba mmoja, mama mmoja. Damu ni ile ile."

Hakuwa anatania wala kudanganya. Kwao mtu akidaiwa, nduguye hulipa. Mtu akiapa, nduguye hushika kiapo. Kwa nini damu iwe tofauti?

Fanuel alimtazama Gwantwa. Hadi leo anakataa kusema alikuwa anawaza nini. Chupa zilikuwa tayari. Masunga ni mwanamume mwenye afya, damu yake ingeonekana safi kama maji ya kisima. Ingekuwa mtu wa hamsini na nne.

"Nilitamani," Gwantwa anasema. "Nisikudanganye, nilitamani sana. Nilimwona Jairo pale pale, nikamwona anameza dawa. Halafu nikajiuliza, anameza dawa gani? Kama sisi tunaweka damu ya watu wenye afya kwenye chupa za wagonjwa, basi dawa hiyo hakuna anayejua inafanya nini. Nitakuwa nampa kaka yangu kitu nilichokipaka rangi mwenyewe."

Alimshusha Masunga mkono wa shati, akamfunga kifungo. Akamwambia asante, lakini damu ya ndugu haitoshi hapa. Akamweleza kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya Kashinje peke yake, na jibu pia limo ndani ya Kashinje peke yake.

Baadaye Masunga alimweleza mwandishi kwamba alitoa mkono wake ili wageni waridhike na kuondoka, na kaka yake abaki salama. Alipoona wamekataa kitu cha bure, akajua wametoka mbali kwa jambo la kweli. Akaingia ndani kuchukua fimbo. "Twendeni," alisema. "Lakini msimwite. Akitaka atakuja mwenyewe."

Walimkuta Kashinje kwenye kambi ya mifugo kesho yake asubuhi. Alipoliona begi la Fanuel aligeuka akawapa mgongo, akaingia katikati ya ng'ombe.

"Mwangaluka," Gwantwa alimsalimu kutoka nje ya boma, kwa neno lile moja la Kisukuma analolijua.

"Mwangaluka, mayu," alijibu, akimwita mama, bila kugeuka. Adabu haikumruhusu kunyamazia salamu.

Gwantwa hakuingia. Alitandika kitenge kimoja chini, akaketi. Jua likapanda. Hatimaye ilibidi Kashinje aongee, kwa kuwa ng'ombe walitaka kutoka na Gwantwa alikuwa amekaa mlangoni.

Alisema kwao mgonjwa hukaa mikononi mwa mganga mpaka mganga amwachie. Kumwachia kuna siku yake na dalili yake. Akishaachiwa, mgonjwa huondoka bila kuaga na bila kutazama nyuma, maana ugonjwa umebaki pale uani kwa mganga. Akirudi, anaukuta. Siku ile ya soda na makofi yeye aliachiwa mbele ya mashahidi. Sasa iweje wanamwita arudi?

"Sisi ndio tumekufuata," Gwantwa alimwambia. "Wewe hujarudi kokote."

Hilo Kashinje alilikubali. Mganga kumfuata aliyepona si kitu kigeni, kwa sababu mganga huja kuchukua chake. Akauliza kama wamekuja kwa hilo, na kama ni hivyo, wachague mnyama.

Hapa Gwantwa alikuwa na njia nyepesi. Angeweza kusema ndiyo, na mnyama tunayemtaka ni damu kidogo. Anasema ilimjia mdomoni. Lakini jambo la kwanza alilofundishwa alipoajiriwa ni kwamba mshiriki hadaiwi kitu, si pesa wala shukrani wala damu. Anatoa akitaka, na akikataa hakuna wa kumnunia.

"Hudaiwi," alimwambia.

Kashinje aligeuka kwa mara ya kwanza. "Kama sidaiwi," alisema, "basi sijapona."

Fanuel anasema pale yeye aliona safari imekwisha. Alianza kufunga begi.

"Kama umepona au hujapona, hata sisi hatujui," Gwantwa alisema. "Ndicho kilichotuleta."

"Mganga gani hajui kama amemponya mtu?"

"Mganga anayejaribu dawa."

Kashinje aliwatazama wote wawili kwa zamu. Walioliona tukio hilo wanatofautiana kama alikasirika au alitaka kucheka. Gwantwa akaendelea, sasa kwa haraka, asipoteze nafasi. Alimweleza kwamba dawa ni mpya, kwamba hayo aliambiwa siku ya kwanza kabla ya kuweka dole gumba, lakini pengine siku hiyo alisikia neno dawa akaliacha neno jaribio. Alimweleza kwamba virusi hivi vinaweza kunyamaza mtu akiwa anameza vidonge, vikainuka vidonge vikikoma, na ndiyo maana inabidi kungoja na kupima tena. Na kwamba makofi yale yalipigwa kwa furaha ya wauguzi tu. Hayakuwa na maana zaidi ya hiyo.

"Tulimpigia vigelegele mtoto ambaye hajazaliwa," alisema. "Kosa ni letu."

Kashinje alisimama akiifikiria habari hiyo kama mtu anayepima uzito wa mnyama kwa macho. "Kumbe hamjaniachia," alisema mwishowe.

"Hatujakuachia."

"Mngesema."

Akaketi juu ya kitenge, akanyoosha mkono. Gwantwa alimuuliza mara mbili kama anatoa kwa hiari, na mara ya pili Kashinje alisema mama huyu ana maneno mengi. Fanuel akatoa damu. Damu hiyo isingeweza kukaa siku nzima kabla ya kufika maabara, kwa hiyo hawakungoja chakula. Waliingia Tunduma jioni ile ile, malori yakiwa yanawasha taa.

Dk. Conjesta alipoelezwa yote hakufurahi moja kwa moja. Aliwahoji kila mmoja peke yake, kutaka kujua kama kuna aliyemwambia mgonjwa kuwa anadaiwa. Aliporidhika, alikaa na wauguzi wake. Mshiriki amepewa maelezo, ameweka dole gumba, karatasi zote ziko sawa, na bado kwa miezi mitatu alikuwa anaamini anatibiwa na watu wanaojua kila kitu.

"Tulimsomea kila kitu," anasema daktari. "Kisha siku ya soda tukamwambia kwa mikono yetu kinyume cha tulichomsomea."

Tangu siku hiyo kituoni hakuna soda ya kidonge cha mwisho. Soda imehamishiwa kwenye siku ya majibu ya damu ya mwisho. Wauguzi wawili walilalamika kwamba siku za kidonge cha mwisho zitakuwa kavu, na zitakuwa kavu kweli. Mgonjwa atameza, ataambiwa bado yuko mikononi mwao, ataondoka.

Mwezi Agosti Gwantwa na Fanuel waliteremka tena bondeni, safari hii na majibu. Virusi havikuonekana katika damu ya Kashinje. Walimkuta nyumbani. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu.

"Sasa mmeniachia?"

"Tumekuachia," Gwantwa alimjibu. Kashinje akainuka, akaingia ndani, hakutoka tena. Fanuel, ambaye alitegemea walau kupewa mkono, alimuuliza Masunga kama wamemuudhi. Masunga akasema hapana, hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Wiki iliyofuata Masunga alishuka kwenye fuso mbele ya kituo akiwa na mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji.

Kanuni za utafiti haziruhusu mfanyakazi kupokea zawadi ya mshiriki, hata kuku, seuze ng'ombe. Dk. Conjesta alimweleza Masunga hivyo kwa upole. Masunga naye alimweleza daktari, kwa upole vile vile, kwamba mnyama wa mganga akirudishwa nyumbani anarudi na ugonjwa, na yeye hana ujasiri wa kumfikisha kwa kaka yake. Alipomaliza kusema alipanda gari la kurudi. Mtamba akabaki amefungwa kwenye nguzo ya bango la kituo, anakula maua.

Daktari aliiandikia kamati ya maadili kuhusu suala hilo. Kamati, ambayo imezoea maswali ya dozi na ridhaa, haijajibu. Kwa sasa mtamba anatunzwa kwenye zizi la jirani mmoja huko Mpemba, si mali ya kituo wala ya mfanyakazi yeyote, na kila mtu amekubaliana kutomwita zawadi.

Zizi hilo halipo mbali na kwa Jairo. Bila kuombwa na mtu, Jairo amejipa kazi ya kumkatia majani. Anakwenda taratibu, anapumzika njiani, lakini hakosi hata siku moja. Mwandishi alipomtembelea alimkuta ameketi kwenye jiwe, mtamba analamba kiganja chake.

"Huyu ndiye aliyenifungulia mlango," Jairo alisema. "Siyo vizuri alale njaa."

Mlango umefunguka kweli. Wafadhili waliipitisha Tunduma, na awamu ya pili inaanza mwezi ujao, Novemba. Wiki iliyopita Jairo alipimwa akaonekana anafaa; wengine, kama Ayoub, bado wanapimwa. Hata hivyo Dk. Conjesta hamfichi mtu. Dawa inaweza kuviua virusi, lakini kovu la ini halifutiki kwa vidonge, na kwa walioathirika zaidi hakuna anayejua itafanya kazi kiasi gani. Ndiyo maana unaitwa utafiti.

Kwa kanuni, Gwantwa haruhusiwi kumfuatilia ndugu yake. Jairo atakuwa mtu wa Fanuel. Gwantwa hataona majibu yake kabla ya wengine, hatahesabu vidonge vyake, na siku ya damu atakaa nje kwenye tofali kama ndugu wa mgonjwa yeyote. Kwa mwanamke aliyezoea kuwa wa kwanza kujua nani yuko wapi, hilo linamuuma, na analisema.

"Nimewatafuta watu hamsini na wanne ili nifike hapa, na hapa penyewe nakatazwa kuingia," anasema. "Lakini ni haki. Ningekuwa mimi ningemhurumia, na huruma ingeniharibia macho."

Jairo akianza Novemba atamaliza vidonge kabla ya mvua kukatika, na damu yake ya mwisho itatolewa katikati ya mwaka ujao. Gwantwa ameshapanga siku ya majibu yake. Atanunua soda kwa pesa yake. Kashinje, aliyepelekewa habari na Masunga, amesema hawezi kukanyaga uwanja ule tena, lakini atakuja hadi barabarani, asimame ng'ambo, na majibu yakiwa mazuri apige makofi akiwa huko huko.

Foleni imeanza kusogea. Injini zinawaka moja baada ya nyingine na madereva wanavaa viatu. Gwantwa anakunja upya vitenge vyake. Bado ana lori moja la kulifuata kabla halijafika getini.

"Mpaka siku hiyo," anasema, akianza kuondoka, "mtu yeyote asimshangilie kaka yangu."